Gia Yenye Meno Mangapi? Hadithi ya Fundi Saa na Profesa

Haya wasomaji, leo naweka kodi kando kidogo. Nataka tuongee juu ya meno. Si ya mdomoni, ni ya gia, na swali ambalo kila anayeunda mashine hukutana nalo siku ya kwanza: gia hii niikate meno mangapi, na mwenzake mangapi?

Ukilisikia mara ya kwanza unaona ni swali la darasa la sita. Unataka shafti ya pili izunguke mara moja kila ya kwanza inapozunguka mara tatu? Weka meno 20 kwenye ya kwanza na 60 kwenye ya pili, kwisha. Gia mbili zinazoshikana lazima ziwe na meno ya saizi moja, kwa hiyo ukijua idadi ya meno umejua na ukubwa wa gia. Wahandisi hupima saizi ya jino kwa namba inayoitwa moduli. Zidisha moduli kwa idadi ya meno, unapata kipenyo, yaani kipenyo cha pale meno yanapokutana, si cha nchani. Moduli ya milimita 1 na meno 60, kipenyo ni milimita 60. Jumlisha vipenyo viwili, gawa kwa mbili, umejua utoboe tundu la shafti ya pili umbali gani: hapa ni milimita 40. Kazi imeisha, tukanywe chai.

Taabu huanza pale ambapo uwiano unaoutaka hukuuchagua wewe. Tatu kwa moja tumeiamua sisi. Mwezi wa angani hatukuuamua. Kutoka mwandamo mmoja hadi mwingine ni wastani wa siku 29.530588, na hakuna aliyetuuliza kama tungependelea 30. Gia nayo haikubali nusu ya jino. Kwa hiyo unatafuta namba mbili nzima ambazo ukigawanya moja kwa nyingine unaikaribia hiyo namba isiyokaa sawa. Sisi tunaoandika programu tunalifahamu tatizo hili, ni lile lile la kubana desimali ndefu ndani ya nafasi ndogo. Tofauti ni kwamba mafundi walilipambania kwa tupa mkononi, karne nyingi kabla ya kompyuta ya kwanza kuwashwa.

Ushahidi wa zamani zaidi tulio nao umetoka chini ya bahari. Mwaka 1900 wazamiaji wa sifongo waligundua meli iliyozama karibu na kisiwa cha Antikythera huko Ugiriki. Kati ya sanamu na mitungi iliyopandishwa kulikuwa na bonge la shaba nyeusi lililoliwa na kutu, na mwaka 1902 Valerios Stais akaona kwamba ndani yake kuna gia. Leo vipande vyake vinajulikana kuwa na gia 30, na umri wake ni zaidi ya miaka 2,000. Ilikuwa kalenda ya kuzungusha kwa mkono. Wagiriki walijua kwamba katika miaka 19 mwezi huzunguka mbele ya nyota mara 254, wakahitaji uwiano wa 254 kwa 19. Waliupataje? Kwa jozi tatu za gia: 64 kwa 38, halafu 48 kwa 24, halafu 127 kwa 32. Chukua kikokotoo uzidishe, utapata 254/19 kamili, bila hata chembe ya kosa.

Lakini tazama hiyo 127. Kwa nini namba mbaya hivyo? Kwa sababu 254 ni 2 mara 127, na 127 ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Hakuna ujanja wa kuigawa kati ya gia mbili ndogo. Ukiitaka 254/19 kamili, mahali fulani ndani ya mashine ni lazima mtu akae chini, agawe duara sehemu 127 zilizo sawa, akate jino moja moja. Na kuna aliyekaa akafanya hivyo. Ikumbuke hiyo 127, tutakutana nayo tena.

Karibu mwaka 1000, msomi mkubwa al-Biruni aliandika maelezo ya kifaa cha gia cha kuonyesha umri wa mwezi, na ndani yake mna gurudumu la meno 59. Kwa sisi tuliokulia karibu na watu wanaosubiri mwandamo wa Ramadhani, namba hiyo haina siri: mwezi wa siku 29 ukifuatwa na wa siku 30 unapata 59. Badala ya kuhangaika na nusu ya siku, unachukua miezi miwili kwa mpigo. Huko Oxford kuna astrolabu iliyotengenezwa Isfahan mwaka 618 wa Hijria (1221 au 1222 Miladia) yenye kalenda ya gia mgongoni, nayo huhesabiwa kuwa mashine ya gia kongwe zaidi iliyobaki ikiwa kamili. Mafundi saa wa Ulaya pia waliipenda 59. Zile saa ndefu za kusimama sakafuni zenye picha ya mwezi huwa na sahani inayozunguka mara moja kwa siku 59, na imechorwa miezi miwili.

Je, 59 kwa 2 inatosha? Inatoa 29.5, ukweli ni 29.5306. Unakosea karibu dakika 44 kila mwezi. Baada ya zaidi kidogo ya miaka miwili na nusu, saa yako iko nyuma ya anga kwa siku nzima... samahani, mbele! Sahani inazunguka haraka kuliko mwezi wenyewe. Kwa saa ya sebuleni hilo si neno, unaisogeza kwa kidole. Kwa mtu anayejivunia kazi yake, ni aibu inayorudi kila baada ya miaka miwili na nusu.

Hapo ndipo anaingia Christiaan Huygens, Mholanzi aliyetuletea saa ya pendulamu mwaka 1656. Alitaka kuunda mashine ya kuonyesha sayari zote zilizojulikana zikizunguka jua kwa kasi zake halisi. Kwa Zohali, majedwali ya wakati wake yalimpa uwiano wa 77,708,431 kwa 2,640,858. Hebu fikiria gia ya meno milioni 77! Huygens akafanya jambo ambalo kila mwanafunzi wa kompyuta amelifanya akiwa amevaa nguo nyingine: gawa, weka kando namba nzima, geuza kilichobaki juu chini, gawa tena. Ni ile njia ya Euclid ya kutafuta kigawo kikubwa cha shirika. Ukisimama katikati ya safari, kila kituo kinakupa sehemu ndogo iliyo karibu sana na ile kubwa. Kwa Zohali vituo ni 29/1, 59/2 (ndiyo, 59 tena, lakini hapa ni bahati tu), 147/5, kisha 206/7. Huygens akashuka hapo. Meno 206 kwa 7. Kosa lake, ukilinganisha na namba aliyoanza nayo, ni kama siku moja kwa kila mzunguko wa Zohali wa miaka 29 na zaidi. Mashine iliundwa The Hague mwaka 1682 na fundi saa Johannes van Ceulen, na leo iko katika jumba la makumbusho la Boerhaave mjini Leiden. Maelezo ya hesabu yake yalichapishwa mwaka 1703, miaka 8 baada ya Huygens kufariki.

Ni hesabu nzuri ajabu, na kwa muda mrefu ilionekana swali limefungwa. Njia ya Huygens hukupa makadirio bora kabisa: hakuna sehemu yenye namba ya chini ndogo zaidi inayoikaribia zaidi. Nani atataka kingine?

Fundi atataka. Na sababu ni zile namba tasa. Turudi kwenye mwezi wetu wa siku 29.530588. Pitisha kwenye njia ya Huygens, na baada ya 59/2 vituo vinavyofuata ni 443/15, 502/17 na 1447/49. Ile ya mwisho ni ya kupendeza, inakosea sekunde 2 tu kwa mwezi. Sasa jaribu kuikata. 1447 ni namba tasa. Kwa moduli ya milimita 1, gia hiyo ina kipenyo cha karibu mita moja na nusu, inazidi meza ya chakula. 443 nayo ni tasa, na kipenyo chake ni kama sinia la pilau. 502 ni 2 mara 251, na 251 pia ni tasa. Hisabati inakuletea zawadi bora, halafu huna jinsi ya kuipitisha mlangoni.

Jibu lilipatikana mara mbili ndani ya miaka mitatu, na watu wawili ambao hawakuwa na sababu ya kufahamiana. Wa kwanza ni Moritz Stern, profesa wa hisabati huko Göttingen, Ujerumani, mmoja wa waliosoma chini ya Gauss. Mwaka 1858 alichapisha makala ya nadharia ya namba kuhusu mpangilio fulani wa sehemu. Hakutaja gia, alipenda namba kwa ajili ya namba. Wa pili ni Achille Brocot, fundi saa wa Paris, mtoto wa fundi saa, aliyesifika kwa saa zake za kalenda. Yeye mwaka 1861 alichapisha njia ya kukokotoa magurudumu ya saa. Kitu kilichokuwa ndani ni kile kile.

Njia yenyewe ni rahisi hadi inachekesha. Unakumbuka kosa ambalo mwalimu wa hesabu alilichora msalaba mwekundu, la kujumlisha sehemu kwa kujumlisha za juu peke yake na za chini peke yake? Nusu jumlisha theluthi, mtoto anaandika 2/5. Kama jumla, ni kosa. Lakini tazama 2/5 iko wapi: iko kati ya theluthi na nusu. Hivyo huwa daima, hilo "kosa" hukupa sehemu iliyo katikati ya zile mbili. Brocot alisema: shika sehemu mbili, moja ndogo kuliko unachotaka na moja kubwa. Zijumlishe kwa ile njia ya mtoto. Jibu likiwa dogo mno, ndilo mpaka wako mpya wa chini. Likiwa kubwa mno, ndilo mpaka mpya wa juu. Rudia. Wasomaji wanaoandika kodi wameshatambua, ni kutafuta kwa kukata katikati, kwenye mti ambao una kila sehemu iliyopo duniani, kila moja mara moja tu, ikiwa imeshafupishwa tayari. Ndiyo maana leo tunauita mti wa Stern na Brocot. Waliowafanya watu wa kompyuta wengi wajue jina hilo ni Graham, Knuth na Patashnik kwa kitabu chao Concrete Mathematics cha mwaka 1989.

Mfano wa Brocot mwenyewe: shafti moja inazunguka mara moja kwa dakika 23, unataka nyingine izunguke mara moja kwa saa 3 na dakika 11, yaani dakika 191. Alichagua kwa ukatili, maana 191 ni tasa na 23 ni tasa. Uwiano uko kati ya 8 na 9. Shuka mtini: 17/2, 25/3, 33/4, 58/7, 83/10, 108/13, na hatua inayofuata ni 191/23 yenyewe. Kama huwezi kukata meno 191, majirani zake wawili wako mlangoni. 83 kwa 10 inakupa dakika 190.9, umekosea sekunde 6. 108 kwa 13 inakupa dakika 191 na sekunde zisizofika 5. Fundi anachagua kulingana na alicho nacho rafuni.

Hapo ndipo naona Brocot alimzidi Huygens, japo hisabati yao ni ndugu. Huygens anakupa jibu bora. Brocot anakupa mtaa mzima wa majibu, kila moja na kosa lake pembeni, uingie nyumba utakayoweza kulipia kodi. Tuujaribu mwezi. Kati ya 443/15 na 502/17, zote hazikatiki, jumlisha kwa njia ya mtoto: 945/32. Njia ya Huygens huiruka hii, inakwenda moja kwa moja hadi 1447. Lakini vunja 945: ni 3 mara 3 mara 3 mara 5 mara 7. Namba laini kabisa! Unaigawa katika jozi mbili, meno 16 yakisukuma 135, kisha 20 yakisukuma 70. Shafti ya kwanza ikizunguka mara moja kwa siku, sahani ya mwezi itazunguka mara moja kwa siku 29.53125. Kosa ni sekunde 57 kwa mwezi, utaisogeza kwa kidole baada ya karibu miaka 122, kazi ya wajukuu. Ukisikia watu wa saa za bei mbaya wakitaja mwezi wa meno 135 na miaka 122, sasa unajua imetoka wapi.

Nisije nikaeleweka kwamba namba tasa ni adui kila mahali. Kwenye gari ni kinyume. Difu yenye uwiano wa 4.1 kwa kawaida ina meno 41 kwa 10, na huo si uvivu wa kutafuta namba nzuri. Kama ingekuwa 40 kwa 10, kila jino la gia ndogo lingegonga meno yale yale manne maisha yake yote, na likiwa na kasoro lingeyatafuna hayo manne. Kwa 41, kila jino hukutana na kila jino, na uchakavu unasambaa. Saa inabeba uzito mdogo na inataka usahihi, difu inabeba mizigo na inataka kudumu.

Sasa ile 127. Mwaka 1959 Marekani, Uingereza na nchi kadhaa zilikubaliana kwamba inchi moja ni milimita 25.4 kamili. 254 tena! Mashine ya kukereza vyuma hukata thredi za bolti kwa kuunganisha shafti ya kazi na skrubu kuu inayosukuma kisu, kwa njia ya gia unazobadilisha. Kama skrubu kuu ni ya inchi na wewe unataka thredi ya milimita, uwiano una 127 ndani yake, na haikwepeki kama vile isivyokwepeka kule Antikythera. Karakana nyingi za jua kali zina mashine kuukuu za inchi, na ile gia ya 127 ndiyo hupotea kwanza, au haikuja kabisa. Mzee mmoja wa kukereza hapa Nairobi nilimwuliza hufanyaje. Akanijibu, "Kijana wangu, hiyo kubwa sijaiona tangu ninunue mashine. Mimi natumia 47 na 37." Nilipofika nyumbani nikashuka mtini kutafuta 1.27: 14/11 ni kubwa mno, 33/26 ni ndogo mno, jumlisha kwa njia ya mtoto, 47/37. Kosa ni asilimia 0.021. Kwenye bolti inayoingia nati ya milimita 40 hiyo ni chini ya sehemu moja kwa mia ya milimita, nati haitajua. Kwenye skrubu ya mita moja ya kuongozea mashine nyingine, ni milimita 0.2, na hapo utajuta.

Utasema leo tuna kompyuta, mti wa nini? Ni kweli. Ukiwa na gia za meno 20 hadi 120 na jozi mbili, michanganyiko ni 101 mara yenyewe mara nne, kama milioni 104, na kompyuta ya kawaida itaimaliza yote bila malalamiko. Python ina limit_denominator ndani ya moduli ya fractions, itakupa sehemu iliyo karibu zaidi kwa mstari mmoja wa kodi. Lakini iambie ikupe mwezi kwa namba ya chini isiyozidi 40, itakupa 945/32, na isiyozidi 50 itakupa 1447/49, bila kukuonya kwamba moja inakatika na nyingine haikatiki. Swali la meno mangapi bado linahitaji mtu anayejua tupa yake inafika wapi. Mafundi wa gia bado hutaja majedwali ya Brocot, sehemu zilizopangwa kwa mfuatano, ndogo hadi kubwa. Zenye namba ya chini isiyozidi 100, kati ya 0 na 1, ni 3,043. Mtu wa wakati wa Brocot alizipanga kwa kalamu.

Kwa wasomaji wangu wa Pwani, hii ya kujaribu na mbao za plaiwudi. Maji hujaa, wastani, kila saa 12 na dakika 25 hivi, kwa usahihi zaidi saa 12.4206. Saa ya ukutani ina shafti ya mshale mfupi inayozunguka kwa saa 12. Uwiano ni 1.03505. Weka gia ya meno 57 kwenye hiyo shafti, isukume gia ya meno 59. Mshale wa pili utazunguka kwa saa 12.4211, unakosea chini ya sekunde 2 kwa kila kujaa, kama dakika 19 kwa mwaka mzima. Hautakuambia kama ni bamvua au maji mafu, na maji yenyewe huyumba mbele na nyuma ya wastani. Ila ni gia mbili tu, na kwa moduli ya milimita 1 umbali kati ya shafti ni milimita 58.